Mgeni wa Miaka Mitatu

Juzi, siku ya ukaguzi, jirani yangu wa chumba cha pili aliamriwa abandue karatasi moja ukutani. Halikuwa bango la msanii wala picha ya mpira. Ilikuwa ratiba yake ya mitihani, karatasi ya kawaida ya kuprinti, imeshikwa na vipande vinne vya selotepu. Akabandua, jina likaandikwa, mkaguzi akasonga chumba kinachofuata. Chini ya meza ya huyohuyo jirani, nyuma ya begi, kulikuwa na ekstensheni imechomekwa kwenye ekstensheni nyingine, na hita ya maji imefunikwa taulo, bado ya moto. Hiyo hakuna aliyeiona. Au tuseme hakuna aliyeitafuta, kwa sababu orodha ya ukaguzi inaanza na ukuta, na siku hiyo iliishia kwenye ukuta.

Hoja yangu ni hii: kanuni zetu za hosteli zinakaza pasipo hatari na kulegea penye hatari. Na chanzo chake, kwa maoni yangu, ni kwamba zimeandikwa kana kwamba sisi tunaolala humo ni wageni. Mgeni anaambiwa asiguse. Mgeni haulizwi ukuta utunzwe vipi.

Nianze na kisa changu ili mjue naongea kutoka wapi.

Mimi ni mtoto wa Binza, mkoani Simiyu. Kwetu ni pamba. Ada, sare na daftari zangu zote zimetoka kwenye pamba. Nilipopata chuo, mama hakuwa na kikubwa cha kunipa, akanidarizia kitambaa. Wengi wenu mnakijua kitambaa cha namna hii, kipo kwenye sebule nyingi za nchi hii: kipande cha marekani, maua pembeni kwa uzi wa rangi, maneno katikati. Cha kwangu kiliandikwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Uzi alinunuliwa na dada yangu Bariadi, mwekundu na wa kijani, na mama alikidarizi jioni jioni kwa wiki kadhaa baada ya kutoka shamba. Aliponikabidhi alisema, "Mwanangu, ukifika huko tundika hiki kwanza, ndipo ufungue begi. Watakaoingia wajue hapa pana mwenyewe."

Nikafika. Vitanda viwili vya dabodeka, meza mbili, makabati manne na moja halina mlango, kuta za krimu juu na kijivu chini. Mimi nikapata kitanda cha chini karibu na dirisha. Ukutani palikuwa na msumari tayari, wa kutu, na juu ya kutu kuna rangi ya krimu, maana waliopaka chumba mara ya mwisho walipaka na msumari wenyewe. Nikatundika kitambaa, nikafungua begi.

Mwezi wa pili ukaguzi ukaja. "Toa hicho." Nikajieleza kwamba msumari niliukuta. Yule mzee hakuwa na ukali wowote, alinijibu kwa upole kabisa: "Kijana, hapa si kwenu."

Nikatoa. Mwisho wa mwaka, siku ya kurudisha funguo, nikakuta kwenye fomu yangu pameandikwa "uharibifu wa ukuta, misumari saba", na shilingi elfu ishirini zimekatwa kwenye ile amana tunayoweka mwanzoni. Misumari saba! Mimi nilitumia mmoja, na huo mmoja ulipakwa rangi kabla sijamaliza kidato cha sita. Nikauliza: siku naingia nani alihesabu misumari? Hakuna. Basi mnajuaje ni yangu? Nikaambiwa wewe ndiye wa mwisho kukaa. Elfu ishirini kwa mtu anayesubiri boom si hela ya kuchezea, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa na la kuonyesha. Sikuwa na picha, sikuwa na karatasi, sikuwa na shahidi.

Sasa msidhani mimi ni malaika. Mwaka wa pili nilifanya kosa kubwa kuliko msumari, na hilo sikuadhibiwa. Chumba cha wanne tulikuwa sita, maana kubebana kupo na wote tunajua. Nikataka faragha kidogo. Nikaziba kitanda changu cha chini kwa shuka pande zote, nikaingiza ekstensheni ndani, nikaweka taa yenye globu ya zamani, zile zinazounguza mkono. Pakawa pazuri kweli, kama chumba ndani ya chumba. Wenzangu wakaiga.

Usiku mmoja wa wiki ya mitihani nikapitiwa na usingizi nimeegemea daftari. Shuka likaangukia globu. Nilichoamka nacho ni harufu, kisha mkono wa mwenzangu wa kitanda cha juu uking'oa waya kwenye soketi. Alikuwa na akili ya kung'oa umeme kwanza, ndipo akakandamiza shuka kwa taulo lililolowa. Tundu lilikuwa la ukubwa wa sahani. Shuka lenyewe lilikuwa na nailoni, kwa hiyo halikuungua tu, liliyeyuka na kudondoka matone kwenye godoro. Tulikaa macho hadi asubuhi, hakuna aliyesema neno.

Wiki hiyohiyo tukakaguliwa. Kuta zetu zilikuwa tupu, safi. Tukaandikiwa "chumba safi".

Ndiyo maana siungi mkono wanaosema kanuni zote ni za kuonea. Nchi hii ina makaburi ya watoto waliokufa bwenini. Juni 1994, wasichana wapatao 40 waliteketea kwenye bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo. Agosti 2009, wasichana 12 walikufa Idodi, mkoani Iringa, na chanzo kilichotajwa ni mshumaa wa kusomea. Mshumaa wa kusomea, jamani. Si ugomvi, si ulevi, ni mtu anataka kufaulu, kama mimi na taa yangu. Kanuni inayozuia mshumaa, jiko na kitambaa kinachoning'inia karibu na moto ni kanuni ya kuheshimiwa, na mwenye kuidharau namwomba aje nimwonyeshe godoro langu.

Ila tazameni hesabu. Soketi yetu ya pini tatu imeundwa kubeba ampea 13. Umeme wetu ni volti 230. Zidisha, unapata kama wati 2,990, basi. Hita ya kuchemshia maji ya ndoo peke yake inaweza kula wati 1,500. Pasi inakula 1,000 na kitu. Jiko la koili halipungui hapo. Wawili wakichemsha maji ya kuoga saa kumi na mbili asubuhi kwenye ekstensheni moja, na wa tatu akapiga pasi shati la kwenda kuprezenti, tayari mmevuka. Na hapo nimechukulia kwamba ekstensheni ni nzima. Ile ya bei chee ya pembeni mwa barabara waya wake ni mwembamba, haufiki hata hizo ampea 13. Ukiishika ukasikia joto, hiyo ndiyo taarifa yenyewe, husubiri nyingine.

Karatasi ya ratiba ukutani inakula wati ngapi?

Najua jibu la ofisi: karatasi inaharibu rangi, na rangi ni gharama. Ni kweli kwa nusu ya ukuta. Angalia chumba chako. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua ni rangi ya mafuta, juu ya hapo ni rangi ya maji. Selotepu ikibandikwa kwenye rangi ya maji inatoka na ngozi ya ukuta, hasa ikikaa muhula mzima. Kwenye rangi ya mafuta inatoka bila jeraha, kilichobaki unafuta kwa kitambaa chenye sabuni. Kwa hiyo kanuni ingeweza kusema tu: bandika kwenye kijivu, usibandike kwenye krimu. Hata mwaka wa kwanza aliyefika jana ataielewa. Badala yake imesema usibandike popote, na matokeo yake watu wanabandika kwa kujificha, mahali pabaya, kwa gundi mbaya zaidi.

Halafu kuna chandarua. Tunatangaziwa kila mwaka tulale ndani ya chandarua, na sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kuhubiriwa malaria. Lakini chandarua cha pembe nne kinataka sehemu nne za kufunga. Aliye kitanda cha chini anafunga kwenye chuma cha juu. Aliye juu anafunga wapi? Hewani? Anapiga msumari usiku, anausingizia uliokuwepo, na mwisho wa mwaka misumari saba inahesabiwa kwa aliyekuwa na bahati mbaya ya kutoka wa mwisho.

Hapa ndipo neno la yule mzee linaponirudia: hapa si kwenu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tuna miaka mitatu, wengine minne, wa udaktari mitano. Bado hatujapewa jembe. Na ninaposema jembe simaanishi uhuru wa kufanya tunavyotaka. Jembe ni kazi.

Kwetu Binza ukuta wa udongo unasiribwa. Mvua ikiupiga ukachubuka, mama anachanganya udongo, anasiriba kwa mkono, tunasaidia kuchota maji. Anayetaka kupamba anatafuta udongo mweupe au majivu, anachora anachotaka. Hakuna anayemwuliza, kwa sababu akiharibu ni yeye atakayesiriba. Haki ya kupamba na kazi ya kutengeneza zinakaa kwenye mkono mmoja. Na usifikiri kuchora ndani ni mambo ya watoto wa mjini. Mwaka 1953 Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila kwenye serikali ya mkoloni, alitoa kitabu kizima kuhusu michoro ya ukutani ya wacheza nyoka wa Usukumani. Ilikuwa ndani ya nyumba zao, ikiwafundisha wanaoingia chamani. Yaani babu zetu walikuwa na ukuta wa kusomea kabla hatujaambiwa ratiba ni uchafu.

Wapwani nao walilimaliza jambo hili zamani. Kwenye nyumba za mawe za Lamu fundi alijenga zidaka ukutani tangu mwanzo, vishubaka vya kuwekea sahani na vitu vya thamani. Mwenye nyumba hakuhitaji msumari kwa sababu ukuta wenyewe ulikuwa umemwachia nafasi. Sisi tukijenga hosteli tunahesabu vitanda. Hosteli za Magufuli pale Mlimani zilipofunguliwa Aprili 2017, namba iliyosikika nchi nzima ilikuwa nafasi ya wanafunzi 3,840, na ilikuwa habari njema, kwa maana watu walikuwa wanateseka mitaani. Siipuuzi. Nasema tu kwamba kitanda ni mwanzo wa makazi, hakijawa makazi.

Nimeongea na wenzangu kabla ya kuandika, na pingamizi nilizopata si za kupuuza.

Wa kwanza alisema mkiruhusiwa msumari mmoja mtapiga kumi. Inawezekana. Ndiyo maana siombi msumari. Wa pili, huyu ni wa afya ya jamii, alisema mapambo yanafuga kunguni. Hilo ni kweli kabisa: kunguni anapenda nyufa, mishono, na nyuma ya chochote kilichogusa ukuta kwa muda mrefu. Kitambaa kisichofuliwa muhula mzima ni nyumba yake. Wa tatu alisema chumba ni cha wanne, mapambo ni ya nani? Mmoja anataka aya ya Kurani, mwingine kalenda ya parokia, wa tatu Yanga, wa nne hataki kitu. Swali zuri. Lakini hili hata kanuni ya sasa haijalitatua, imelizima tu. Watu wazima wanne wanaweza kugawana ukuta kama wanavyogawana zamu ya kufagia: kila mtu upande wa kitanda chake, na pa wote papate wanachokubaliana wote. Tukishindwa hilo tukiwa na miaka ishirini na mbili, sijui ofisini tutaishi vipi na watu.

Basi ninachopendekeza serikali yetu ya wanafunzi ipeleke kwenye uongozi ni mambo manne.

Moja, siku ya kuingia, kila chumba kijazwe fomu ya hali yake, misumari ihesabiwe, na picha zipigwe mbele ya wadeni na mwanafunzi. Wote wawili wasaini. Simu tunazo. Hili halina gharama, na litamlinda pia wadeni mwaminifu anayelaumiwa kila Juni.

Mbili, kila ukuta upigiwe upapi mmoja wa mbao, mrefu, juu ya vitanda, wenye kulabu. Fundi atatoboa mara moja na basi. Chandarua kitafungwa hapo, kitambaa kitatundikwa hapo. Juu ya kila meza kuwe na kipande cha ubao laini kama ule wa matangazo. Kwingine kote msumari ubaki marufuku, na faini ibaki palepale.

Tatu, orodha ya ukaguzi ipinduliwe. Ianze na soketi, waya, vitanda vilivyozibwa kwa shuka, na njia ya mlangoni kama inapitika. Ukuta uwe wa mwisho. Mwenye ekstensheni mbili zilizoungana aadhibiwe kuliko mwenye ratiba.

Nne, na hili ndilo jembe lenyewe: wiki ya mwisho ya mwaka iwe na siku ya kusiriba. Chuo kitoe rangi kidogo, brashi na puti kwa kila sakafu. Kila chumba kizibe matundu yake, kipake kilipochubuka, kikaguliwe, kilinganishwe na picha za siku ya kwanza. Atakayeacha chumba kama alivyokikuta arudishiwe amana yake yote. Atakayegoma akatwe. Hapo hata mimi sitalalamika.

Na sisi tutoe upande wetu. Mashuka ya kuziba vitanda yashuke. Nalisema nikijua litanichukiza kwa baadhi yenu, maana faragha hatuna na kiu yake naijua. Lakini nimeshaona tundu la ukubwa wa sahani likifunguka karibu na uso wangu. Kama ni faragha, tudai idadi ya watu chumbani ipungue, tusijifungie ndani ya kitu kinachoyeyuka. Kitambaa cha ukutani kifuliwe kila mwezi na kitandikwe juani. Kisining'inizwe kitu juu ya soketi wala mlangoni. Na ukiona ekstensheni ya mwenzako ina joto, mwambie. Usinyamaze kama tulivyonyamaza sisi sita usiku ule.

Mwaka huu kitambaa cha mama nimekifunga kwa uzi kwenye chuma cha kitanda cha juu, kinaning'inia mbele ya uso wangu kama bango la duka. Maneno yanasomeka kwa shida kwa sababu kimejikunja. Nikipiga simu nyumbani mama huuliza, "Kile kitambaa bado kipo?" Namwambia kipo. Anauliza kimetundikwa ukutani? Nabadilisha mazungumzo, namwuliza habari za mvua.

Juni nitarudisha funguo kwa mara ya mwisho. Safari hii nina picha kumi na nne za chumba, nilizipiga siku naingia kabla sijashusha begi, na msumari mmoja mmoja unaonekana. Nitakwenda nazo ofisini hata kama hakuna atakayeziomba. Wewe wa mwaka wa kwanza unayesoma hapa, inuka upige zako leo, ukutani kwanza. Halafu shika waya wa ekstensheni yako uone kama una joto.

Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Shahada ya Ualimu, na mkazi wa hosteli.